Mtoto wa mbwa ameingia nyumbani: nani atamlea?

Huenda wiki hii utaletewa mtoto wa mbwa. Labda shemeji yako wa Sikonge amekuahidi mmoja, maana mbwa wake amezaa. Labda wewe mwenyewe umechoka na wezi wa kuku, ukaenda kuomba kwa jirani. Atakuja ndani ya kikapu, analia, tumbo limejaa, masikio yameanguka. Watoto watamkimbilia kila mmoja akitaka kumbeba. Baba atasema: "Huyu atakuwa mlinzi." Mama hatasema neno, maana yeye ajua nani atakayefagia.

Usiku wa kwanza atakojoa katikati ya nyumba. Asubuhi atakwenda haja kubwa jikoni, kando ya mafiga. Siku ya tatu atapanda juu ya mkeka ulioanikwa michembe, na hapo ndipo vita itakapoanza.

Leo nataka tuzungumze habari za mtoto huyu, jinsi ya kumzoeza kwenda nje na kuishi vema na watu wa nyumbani. Sisemi kama bwana mifugo, kwa kuwa mimi si bwana mifugo. Nasema kama mtu aliyekosea, na mtoto wake ndiye aliyelipa.

Kosa langu

Nyumba yetu iko Itetemia, karibu na mji wa Tabora, mahali palipojulikana tangu siku za misafara kwa kuwa makao ya watemi wa Unyanyembe. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa mtoto wa mbwa, dume jekundu, umri wake kama miezi miwili. Alipochafua ndani nilifanya kama nilivyoona wengine wakifanya. Nilimshika shingo, nikamsugua pua katika uchafu wake, nikamchapa fimbo, kisha nikamtupa nje. Nilifanya hivyo siku nyingi. Baada ya mwezi mmoja sikuona tena uchafu katikati ya nyumba, nikajisifu mbele ya mama watoto kwamba mbwa amefundishika.

Siku moja nilihamisha magunia ya karanga, nikakuta nyuma yake choo kizima cha siri. Kumbe mbwa hakujifunza kwenda nje. Alijifunza kujificha nisimwone. Tangu hapo nilianza kuona mambo ambayo sikuyatazama mwanzo. Nikikohoa tu, anaingia chini ya kitanda. Nikimwita, anakuja nusu ya njia, anasimama. Mlango ukiachwa wazi, anatoka na kuzurura siku mbili, mpaka machinjioni, kisha anarudi na majeraha. Nami nikasema: "Mbwa ndivyo walivyo."

Alipotimiza mwaka mmoja, binti yangu, wakati ule ana miaka 6, aliingia chini ya kitanda kutafuta kandambili yake. Mbwa alikuwa huko. Nafikiri alidhani fimbo inakuja. Akamwuma mkono. Sote tulipiga kelele, mbwa akatoka mbio, wala hatukumwona tena mpaka leo.

Tulipofika hospitali, mwuguzi aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Mbwa amechanjwa?" Nikajibu hapana. La pili: "Yuko wapi, apate kuangaliwa kwa siku 10?" Nikajibu sijui. Akanyamaza, akaanza kutayarisha sindano. Mtoto alimaliza sindano zote kwa siku zilizopangwa, na leo ni mzima kabisa. Lakini mimi nilikaa miezi mitatu nikimtazama kila asubuhi anapokunywa maji, nikihofu nisije nikaona anashindwa kumeza. Yeyote aliyewahi kukaa na hofu ya namna hiyo anajua nisemalo.

Ndiyo sababu naandika. Watu wengi hudhani kumzoeza mtoto wa mbwa kwenda nje ni jambo la usafi tu. Ni jambo la usafi, naam. Lakini zile wiki chache za kwanza ndizo zinazoamua kama mbwa atakuja kwako au atakukimbia, kama atakaa uani au atazurura. Samaki mkunje angali mbichi.

Fimbo yamfundisha nini?

Kwanza tumjue mtoto mwenyewe. Mtoto wa mbwa mwenye miezi miwili hawezi kuzuia mkojo kwa muda mrefu. Saa 2 au 3 zikipita akiwa macho, hana budi kukojoa, na pengine hata kabla ya hapo. Si ukaidi. Kibofu chake ni kidogo na misuli yake haijakomaa, sawasawa na mtoto wako wa mgongoni. Je, mama, wewe humchapa mtoto anyonyaye kwa sababu amelowesha nguo? Humchapi. Wambadili nguo na kungoja akue.

Pili, mtoto huyu amekuja kwako na fundisho moja tayari. Mbwa hapendi kuchafua mahali anapolala. Watoto wa mbwa wakiwa wadogo sana mama yao huwalamba na kuwasafisha. Wakifika kama wiki ya tatu, wakiweza kutembea, wenyewe huanza kujivuta mbali kidogo na malalo yao ili wajisaidie. Basi mbegu ipo. Kazi yako ni kumwonyesha kwamba nyumba yote ni malalo yake, na choo kiko nje.

Fimbo haiwezi kumwonyesha hayo. Mbwa huunganisha jambo na lile linalotokea pale pale, katika nukta ile ile. Ukikuta mkojo wa nusu saa iliyopita ukamchapa, yeye hajui kwamba unamchapa kwa ajili ya mkojo. Ajua tu kwamba wewe umekuja na fimbo imekuja. Wengine husema: "Lakini anajua kosa lake, tazama anavyoinamisha masikio!" Hapana, ndugu yangu. Anaogopa sauti yako na uso wako. Na ukimchapa wakati anapokojoa mbele yako, atajifunza kwamba kukojoa mbele yako ni hatari. Kesho utasimama naye nje saa nzima bila yeye kutoa tone, na mkirudi ndani atakwenda nyuma ya magunia. Mimi nimeyaona.

Mbwa wa Daktari Livingstone

Wengi wetu wa Tabora tumefika Kwihara, tukaliona tembe alimokaa Daktari Livingstone mwaka 1872, tangu Februari hata Agosti, kabla hajaondoka kwa safari yake ya mwisho. Leo ni nyumba ya makumbusho. Jambo ambalo si wengi walijualo ni kwamba miaka mitano kabla ya kukaa hapo, Livingstone alikuwa na mbwa mdogo katika msafara wake. Jina lake aliitwa Chitane.

Livingstone aliandika habari zake katika kitabu chake cha kila siku. Chitane alijifanya mwangalizi wa msafara wote. Alikimbia mbele kumwona wa kwanza, akarudi nyuma kumwona wa mwisho. Wakifika kijijini, alipokwisha kujua ni kibanda gani bwana wake analala, hakumruhusu mbwa mwingine kukikaribia. Wala yeye mwenyewe hakuiba kamwe. Ndugu msomaji, mbwa ajuaye nyumba yake, tena asiyeiba: je, si huyo tunayemtafuta sote?

Lakini sikilizeni mwisho wake. Tarehe 15 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara ulivuka bwawa la Chimbwe, upana wake karibu maili moja. Maji yalifika kiunoni, na chini palikuwa na tope laini lenye mashimo. Livingstone alitangulia kuvuka, akasahau kutoa amri mbwa abebwe. Vijana nao walikuwa wanahangaika wasianguke. Hakuna aliyemkumbuka Chitane. Aliogelea mpaka nguvu zikamwishia, akazama.

Katika msafara ule hakuna aliyemchukia mbwa yule. Wote walimpenda, ila hakuna aliyepewa kazi ya kumwangalia. Na hivi ndivyo ilivyo nyumbani mwetu. Baba adhani mama amemtoa mbwa nje. Mama adhani watoto wamemtoa. Watoto wadhani yeye mwenyewe atatoka. Kisha mkojo ukionekana, anachapwa mbwa! Basi jambo la kwanza kabisa, hata kabla ya kumpa jina, ni hili: kaeni jioni moja kama jamaa, mgawane zamu. Nani atamtoa alfajiri? Nani mchana watoto wakiwa shuleni? Nani usiku? Mwenye zamu ajulikane, na akisahau yeye ndiye wa kuulizwa.

Saa za kumtoa

Saa zenyewe si ngumu kuzikumbuka. Mtoe nje:

Alfajiri, mara aamkapo, kabla hujawasha moto.

Kila amalizapo kula. Ngoja naye nje kati ya dakika 5 na nusu saa.

Kila aamkapo usingizini mchana.

Kila amalizapo kucheza na watoto.

Usiku, baada ya sala ya jioni, kabla ya kufunga mlango.

Tena ukimwona anazunguka-zunguka, ananusa chini, au anaacha mchezo ghafula na kwenda pembeni, usingoje. Mbebe mara moja.

Siku za kwanza mbebe mikononi, maana akitembea atakojoa njiani. Mpeleke mahali pale pale kila siku, kwa sababu harufu ya jana itamkumbusha kazi ya leo. Chagueni mahali hapo kwa akili: nyuma ya nyumba, mbali na kisima, mbali na bustani ya mchicha, mbali na jiko na mahali pa kuanikia michembe na mahindi. Mkifika, simama kimya. Usicheze naye. Sema neno moja tu, na neno hilo liwe moja kwa watu wote wa nyumbani. Sisi twasema "Nje!" Msiseme "Toka!" kwa kuwa neno hilo kuku huambiwa kutwa nzima, na mbwa hatajua lini linamhusu.

Chakula nacho kina saa zake. Mtoto wa miezi miwili ale mara 3 au 4 kwa siku, kidogo kidogo, saa zile zile. Ugali laini na dagaa wa Kigoma waliochemshwa vizuri humfaa sana. Akiisha kula, ondoa chombo. Mbwa alaye kutwa nzima hujisaidia kutwa nzima, na mbwa alaye kwa saa utajua saa yake ya kutoka. Lakini maji asinyimwe, hasa miezi ya jua kali kama Septemba na Oktoba. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, maana hupasuka vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni.

Mfano wa panya wa Morogoro

Sasa, akikojoa mahali panapotakiwa, ufanyeje? Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Twajua kukemea, hatujui kusifu.

Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna shirika liitwalo APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997. Wao hufundisha panya buku, panya wale wale wakubwa wa porini, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Wanawafundishaje? Hawawachapi. Panya akifanya vema husikia mlio mdogo, "tik", na papo hapo hupewa chakula, kama kipande cha ndizi. Asipofanya vema, hapati kitu. Ni hayo tu, yakirudiwa kila siku kwa miezi mingi.

Panya mmoja wa Morogoro, Magawa, alizaliwa mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016. Alipostaafu alikuwa amegundua mabomu na silaha nyingine za kulipuka zaidi ya 100. Mwaka 2020 chama kimoja cha Uingereza cha kutibu wanyama kilimpa nishani ya dhahabu. Alikufa Januari 2022 kwa uzee. Basi, ikiwa panya buku aweza kufundishwa kazi ya kuokoa maisha ya watu pasipo fimbo, mbwa ambaye kwa tabia yake hutafuta sana kumpendeza mtu atashindwaje kujua mlango?

Fanya hivi. Akimaliza tu haja yake, pale pale, kabla hajapiga hatua tatu, msifu kwa sauti ya furaha na umpe kichwa cha dagaa au kipande cha kiazi. Usingoje mpaka mrudi ndani, maana hapo atadhani unamsifu kwa kurudi. Weka dagaa mfukoni tangu asubuhi. Nguo zitanuka kidogo, nyumba haitanuka.

Usiku

Usiku humtisha mwenye nyumba na humtisha mtoto pia. Kwa mara ya kwanza analala peke yake bila joto la ndugu zake. Usimfungie jikoni peke yake akalia mpaka kuche. Mpe boksi au kikapu kipana, weka ndani gunia kuukuu na majani makavu, ukiweke karibu na mahali anapolala mtu mzima. Kikapu kisiwe kikubwa mno, ili asipate kona ya kulala na kona nyingine ya kukojoa. Kwa kuwa hapendi kulowesha malalo yake, atalia anapobanwa. Mwenye zamu aamke, ambebe nje, asizungumze naye sana, amrudishe.

Katika wiki za kwanza utaamka mara moja, pengine mara mbili. Afikapo miezi minne, wengi huweza kulala usiku kucha. Afikapo miezi sita, ukiwa umeshika utaratibu, kazi kubwa imekwisha. Kati ya hapo atakosea mara kwa mara. Usivunjike moyo ukasema amesahau yote.

Akikosea

Ukimkuta anakojoa ndani, piga makofi mara moja ashtuke kidogo, mbebe nje amalizie huko, umsifu. Ukikuta amekwisha kumaliza zamani, nyamaza usafishe. Kama sakafu ni ya udongo, kwangua udongo uliolowa, ukautupe mbali, ujaze udongo mkavu na kushindilia. Kama ni ya saruji, osha kwa maji na sabuni, kisha suuza kwa maji yenye siki au ndimu. Harufu ikibaki, ijapokuwa wewe huisikii, yeye ataisikia na kurudi pale pale.

Mavi yake ya nje nayo yasiachwe. Yachukue kwa jembe ukayafukie siku hiyo hiyo. Watoto wa mbwa karibu wote huwa na minyoo, wengine huipata tangu tumboni mwa mama yao. Mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi, na yakikaa udongoni wiki chache huweza kumwambukiza mtoto wa mtu achezaye hapo na kutia vidole kinywani. Kwa hiyo mwombe bwana mifugo dawa ya minyoo mapema, na uifuate kama atakavyokuagiza. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimaliza kumshika mbwa, hasa kabla ya kula.

Mbwa na jirani

Mbwa aliyezoea kwenda nje hana budi kujua pia mwisho wa nje yake. Kila asubuhi na jioni zunguka naye ukingo wa kiwanja chako, njia ile ile, umpe dagaa mnaporudi mlangoni. Hivyo hujifunza nyumba yake ni ipi, kama Chitane alivyojua kibanda cha bwana wake. Usimfunge kamba kutwa nzima. Mbwa afungwaye daima huwa mkali bila sababu, tena hulazimika kujisaidia pale anapolala, na fundisho lote likaharibika.

Tukumbuke kwamba Tabora twaishi pamoja na ndugu zetu Waislamu, na wengi wao hawapendi kuguswa na mate ya mbwa kwa sababu ya udhu wao. Mbwa wako akiingia uani kwa jirani na kulamba vyombo vyake, usiseme "ni mbwa tu". Nenda ukaombe radhi, kisha uongeze bidii katika mafunzo. Kadhalika siku ya Jumapili, mbwa asiwafuate mpaka mlangoni mwa kanisa akapigana na wenzake wakati wa Misa. Kabla hamjaondoka mtoeni ajisaidie, mwacheni ndani ya ua na mfupa mbichi wa kutafuna, na mwondoke bila kelele. Mwanzo mwacheni kwa muda mfupi, mkiongeza kidogo kidogo mpaka azoee.

Chanjo

Nimeliweka jambo hili mwisho ili ulikumbuke kuliko mengine yote. Mtoto wa mbwa afikapo miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, kisha arudiwe kila mwaka au kama bwana mifugo atakavyokuambia. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote hupata kwa kuumwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama ashukiwaye kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo na yafaa sana. Mwaka 1885, tarehe 6 Julai, Louis Pasteur wa Ufaransa alimwanzishia chanjo mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa. Mtoto yule alipona, akakua, akawa mzee.

Wataalamu wasema kwamba mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wako yamlinda na mtoto wa jirani. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi huchanja mbwa karibu na siku hiyo. Waulize viongozi wa kijiji. Na hapa ndipo malezi yanapoonekana: mbwa ajaye akiitwa ataletwa kwenye chanjo na mtoto wa shule kwa kamba nyembamba. Mbwa wa fimbo atakimbilia porini siku ile ile.

Mtu akiumwa, oshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama jeraha ni dogo. Usipake majivu, pilipili wala mafuta. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zote zimalizwe. Mbwa, akiwa anajulikana, asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama, bwana mifugo aarifiwe, aangaliwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, wenye nyumba watapata usingizi.

Kwetu sasa

Baada ya yale yaliyotupata tulikaa muda mrefu bila mbwa. Kisha wezi wa kuku wakarudi, nasi tukaletewa mwingine, jike mweusi. Binti yangu hakutaka kumkaribia. Sikumlazimisha. Nilimwambia tu kwamba zamu ya kutoa dagaa mfukoni ni yake, akitaka. Siku za kwanza aliurusha dagaa kwa mbali. Wiki ya tatu nilimwona amechuchumaa nyuma ya nyumba alfajiri, kanga mabegani, akimsifu mbwa kwa sauti ya chini kwa sababu amekojoa panapotakiwa.

Mbwa huyo sasa ni mkubwa. Mlango ukifunguliwa asubuhi, hutoka mwenyewe, hujisaidia, hurudi kukaa kizingitini. Kadi yake ya chanjo mama watoto ameiweka katika kasha moja na kadi za kliniki za watoto. Nilipomwuliza kwa nini ameiweka humo, akanijibu: "Si ni za watu wa nyumba moja?"

Basi, ndugu msomaji, mtoto wa mbwa akiingia kwako wiki hii, usitafute fimbo. Tafuta kikapu, dagaa wa mfukoni, na mtu mmoja wa kuamka alfajiri.